Nitasimama Wapi? Lenzi ya Picha ya Uso na Historia Yake, kutoka Vienna hadi Biryogo

Bibi yangu ana picha moja tu ya mdogo wake wa kiume. Ni picha ya pasipoti, nyeusi na nyeupe, ndogo kuliko kiberiti, na kwenye pembe yake moja kuna kipande cha muhuri wa duara. Ilibanduliwa kwenye kitambulisho cha zamani. Mwenyewe aliuawa mwaka 1994, na picha nyingine zote za familia ziliteketea pamoja na nyumba. Mwaka jana Bibi aliniambia: "Mjukuu wangu, sasa una kamera. Nipige na mimi picha moja nzuri, niiweke ukutani karibu na huyu."

Kamera aliyoisema niliinunua mjini Kigali ikiwa imekwishatumika. Ni ya kidijitali, yenye kihisi kidogo, yaani kile kipande cha silikoni kinachopokea mwanga ni kidogo kuliko fremu ya filamu ya zamani. Ilikuja na lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 55, ambayo ikivutwa hadi mwisho hupitisha mwanga kidogo sana. Katika sebule ya Bibi kule Biryogo, yenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, picha zote za kwanza zilitoka zimetikisika. Nilihitaji lenzi ya pili, na fedha nilizokuwa nazo zilitosha moja tu.

Nilimwendea rafiki yangu anayepiga picha za harusi. Hakufikiri hata kidogo. "Picha ya uso ni 85," alisema, "usijisumbue." Niliporudi nyumbani nilianza kujiuliza swali ambalo mwanafunzi wa historia hawezi kulikwepa: nani aliamua kwamba ni 85? Aliamua lini, kwa kamera ya aina gani, na kwa ajili ya uso wa nani?

Katika insha hii ninadai kwamba namba ya lenzi ni jibu la swali jingine lililotangulia, nalo ni swali la umbali. Mpiga picha atasimama wapi mbele ya mtu? Historia ya picha za uso, Ulaya na hapa Rwanda, inaonyesha kwamba kila umbali ulikuwa na kazi yake, na mara nyingi kazi hiyo haikuwa ya yule aliyepigwa picha. Nitaanza na chombo chenyewe, kisha nitakuja kwa watu walioletewa chombo hicho, na mwisho nitaeleza nilichokichagua na kwa nini.

Daguerre alipotangaza uvumbuzi wake mjini Paris mwaka 1839, picha za watu zilikuwa karibu haziwezekani. Lenzi za wakati huo zilipitisha mwanga kidogo, na mtu alilazimika kukaa juani bila kutikisika kwa dakika kadhaa. Mwaka uliofuata, 1840, mwanahisabati Joseph Petzval wa Vienna alibuni lenzi iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya uso wa binadamu. Katika hesabu ndefu za kazi hiyo alisaidiwa na askari wa kikosi cha mizinga, kwa sababu wao walizoea hesabu za kulenga shabaha. Voigtländer ndiye aliyeitengeneza na kuiuza. Uwazi wake ulikuwa f/3.6, maana yake ilipitisha mwanga takriban mara 16 kuliko lenzi zilizokuwa zikitumika. Muda wa kukaa ukashuka kutoka dakika kadhaa hadi chini ya dakika moja.

Lenzi ya Petzval ilikuwa na kasoro moja iliyogeuka kuwa pambo. Ilionyesha vitu kwa ukali katikati tu, na kuelekea pembeni kila kitu kilififia. Kwa picha ya mandhari hilo ni tatizo. Kwa picha ya uso, macho yalionekana wazi na vilivyo nyuma vikayeyuka. Mazoea yetu ya leo ya kutaka "nyuma iwe na ukungu" yana mizizi katika kasoro hiyo. Jambo la pili ni kwamba lenzi ile ilihitaji nafasi. Mteja aliketi kwenye kiti, wakati mwingine kichwa chake kikishikiliwa kwa chuma kutoka nyuma, na kamera ikasimama mbali naye kidogo. Studio ilijengwa kwa vipimo vya lenzi. Ni mteja aliyekuja kwenye nafasi hiyo, amevaa nguo zake nzuri, na amelipa.

Namba 85 ilikuja baadaye sana. Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Leitz huko Ujerumani, alichukua filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35 na kuitumia kwa picha za mnato, kila fremu ikiwa milimita 24 kwa 36. Kamera yake, Leica, ilianza kuuzwa mwaka 1925 ikiwa na lenzi ya milimita 50. Muda si mrefu kamera ndogo zikaanza kupokea lenzi za kubadilisha, na wapiga picha wakagundua kwamba kwa kichwa na mabega, lenzi za kati ya milimita 85 na 105 ziliwafaa zaidi. Kwa fremu ya Barnack, lenzi ya 85 hujaza picha kwa kichwa na mabega ukiwa umesimama takriban mita moja na nusu kutoka kwa mtu.

Mita moja na nusu ndiyo siri yenyewe. Wengi husema kwamba lenzi fupi "inaharibu uso" na lenzi ndefu "inaupendezesha". Ukweli ni kwamba lenzi haihusiki na umbo la uso. Kinachohusika ni umbali. Chukua mfano rahisi. Kutoka ncha ya pua hadi sikio kuna kama sentimita 12. Ukisimama sentimita 50 kutoka puani, sikio liko sentimita 62 kutoka kwako, kwa hiyo pua inaonekana kubwa kwa karibu robo nzima ukilinganisha na sikio. Ukisimama mita mbili, tofauti hiyo inashuka hadi asilimia 6 tu. Lenzi yoyote utakayoifunga kwenye kamera kutoka sehemu ileile itakupa pua ileile. Kinachobadilika ni ukubwa wa kipande cha dunia kinachoingia kwenye fremu. Lenzi ndefu inapendeza kwa sababu inakulazimisha urudi nyuma.

Sasa tuje kwenye kamera kama yangu. Mwaka 1996 kampuni za Kodak, Fuji, Canon, Nikon na Minolta zilizindua kwa pamoja aina mpya ya filamu, ndogo kuliko ile ya Barnack, iliyoitwa APS. Moja ya vipimo vyake vya picha kiliitwa C na kilikuwa takriban milimita 25 kwa 17. Filamu hiyo haikudumu. Dijitali iliikuta njiani. Lakini watengenezaji walipoanza kuunda kamera za kidijitali waliona kwamba kipande kikubwa cha silikoni ni ghali mno, kwa kuwa kadiri kipande kinavyokuwa kikubwa ndivyo uwezekano wa dosari ndani yake unavyoongezeka. Wakachagua kihisi chenye ukubwa unaokaribia ile C. Nikon D1 ya mwaka 1999 ilikuwa hivyo, na Canon EOS 300D ya mwaka 2003, iliyouzwa Marekani kwa chini ya dola 1,000, iliwafikishia watu wa kawaida kamera ya namna hiyo. Filamu ilikufa, jina likabaki: hadi leo vihisi hivyo huitwa APS-C.

Kamera hizo mpya ziliendelea kupokea lenzi za zamani, zenye namba zilezile zilizoandikwa kwa fremu ya Barnack. Hapo ndipo ushauri wa rafiki yangu unapopotoka. Kihisi cha kamera yangu kina upana wa milimita 22.3 badala ya 36, yaani ni kidogo mara 1.6. Kwa hiyo lenzi ya 85 kwenye kamera yangu inakata picha kama lenzi ya 136 ingefanya kwenye filamu. Lenzi ya 50 inakuwa kama 80. Lenzi ya 35 inakuwa kama 56. Nilifanya hesabu ya umbali kwa picha ya kichwa na mabega, yenye kimo cha sentimita 60 hivi. Kwa 35 ni kama mita 1, kwa 50 ni mita 1.4, na kwa 85 ni karibu mita 2.4. Nikitaka picha ya kiunoni kwenda juu, yenye kimo cha mita 1, umbali unakuwa mita 1.6, mita 2.3 na mita 3.9. Sebule ya Bibi haifiki mita nne. Hesabu peke yake ingetosha kunipa jibu. Lakini nilikuwa nimeshaanza kuangalia picha za zamani za nchi hii, na zilinionyesha kwamba umbali si suala la ukubwa wa chumba tu.

Mwaka 1907, mwaka ambao Richard Kandt aliianzisha Kigali kama kituo cha utawala wa Wajerumani, msafara mkubwa wa kisayansi uliingia Rwanda ukiongozwa na Adolf Friedrich, Mtawala wa Mecklenburg. Alifika Nyanza kwenye makao ya Mwami Yuhi V Musinga, na picha nyingi zikapigwa. Zinazojulikana zaidi ni zile za vijana wakiruka juu, mchezo uitwao gusimbuka urukiramende. Katika mojawapo, Adolf Friedrich na mwenzake wanaonekana wamesimama chini ya kijiti, na kijana anapaa juu ya vichwa vyao. Wazungu wale walisimama pale kwa sababu moja: walitumika kama rula, msomaji wa Ujerumani apate kujua urefu wa mruko. Ni picha iliyopigwa kutoka mbali, na uso wa mrukaji hauonekani vizuri. Kitabu cha safari hiyo kilichapishwa mwaka 1909. Ukikifungua unajifunza kwamba kijana yule aliruka juu sana, lakini hujui anaitwa nani.

Katika msafara huohuo alikuwamo mwanaanthropolojia Jan Czekanowski, ambaye alipima miili ya maelfu ya watu na kupiga picha za "aina" za watu kama ilivyokuwa desturi ya taaluma hiyo wakati ule: moja kutoka mbele, nyingine kutoka ubavuni. Desturi hiyo ilikuwa na ndugu yake Ulaya. Mjini Paris, katika miaka ya 1880, Alphonse Bertillon wa idara ya polisi aliweka utaratibu wa kupiga picha za wahalifu, mbele na ubavu, kwa kiti maalumu na umbali usiobadilika, ili kila uso uweze kulinganishwa na mwingine. Tukumbuke yule mteja wa studio ya Petzval. Umbali wake ulipangwa ili apendeze. Umbali wa Bertillon ulipangwa ili mtu apimike. Lenzi zinaweza kufanana, na hatua kati ya kamera na kiti zinaweza kulingana, lakini mmoja amekuja mwenyewe na mwingine ameletwa.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Rwanda iliwekwa chini ya Ubelgiji. Katika miaka ya 1933 na 1934 utawala huo uliwahesabu watu na kuwaandika katika makundi: Hutu, Tutsi, Twa. Kadi za utambulisho zikatolewa zikiwa na neno hilo. Uhuru wa mwaka 1962 haukuliondoa. Kadi zilizotumika hadi 1994 zilikuwa na picha ya mwenyewe, na pia mstari ulioandikwa Ubwoko. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwenye vizuizi vya barabarani, kadi ndiyo iliyoombwa kwanza. Picha ilithibitisha kwamba mtu ni yeye, na neno likaamua kama ataishi. Baada ya 1994 neno hilo liliondolewa kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda.

Siwezi kuiangalia picha ya mdogo wake Bibi bila kufikiri juu ya jambo hilo. Ilipigwa kwa agizo la ofisi. Anatazama mbele moja kwa moja, mdomo umefungwa, mabega yamenyooka, nyuma yake ni kitambaa cheupe. Kila kitu ndani yake kilipangwa kwa mahitaji ya karani. Hata hivyo Bibi anaibusu. Mara moja alinionyesha kola ya shati, upande mmoja umekunjika, akasema: "Alikuwa haelewi kunyoosha kola. Mama alikuwa akimsema kila siku." Karani hakuihitaji kola ile. Iliingia kwenye picha kwa bahati, na miaka mingi baadaye ndiyo iliyobaki kuwa yake.

Jambo hilo nililielewa zaidi nilipokwenda Gisozi, kwenye Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari ya Kigali, iliyofunguliwa mwaka 2004 na ambako watu zaidi ya 250,000 wamezikwa. Kuna chumba ambamo picha zilizoletwa na familia zimetundikwa safu kwa safu. Humo utaona maharusi, wanafunzi, watoto wamebebwa, na nyuso za pasipoti. Nyingi hazina ubora wowote ambao mpiga picha angeusifu. Mwanga ni mkali, nyuma kuna kabati au mti, kichwa kimekatwa kidogo. Lakini karibu zote zilipigwa kwa umbali wa mtu anayeongea na mwenzake. Unajua hivyo kwa macho yao: wanamtazama mtu wanayemfahamu.

Mtu anaweza kusema kwamba ninaitwisha lenzi mzigo usio wake, kwamba ubaya wa picha za kikoloni na za kadi ulitoka kwenye sera na si kwenye vioo. Pingamizi hilo ni la haki, na kwa sehemu nalikubali. Ushahidi mzuri kwa upande wake ni picha maarufu ya Steve McCurry ya msichana wa Kiafghani, iliyopigwa mwaka 1984 katika kambi ya wakimbizi huko Pakistani na kutokea kwenye jalada la National Geographic mwezi Juni 1985. Ilipigwa kwa lenzi ya Nikkor ya milimita 105, kwa umbali ambao vitabu vyote vya upigaji picha vingeupongeza. Macho yake yalitazamwa dunia nzima. Lakini jina lake, Sharbat Gula, halikujulikana hadi alipotafutwa na kupatikana mwaka 2002. Kwa miaka 17 uso wake ulikuwa na lenzi sahihi na umbali sahihi, na hakuna aliyejua ni wa nani. Kwa hiyo vipimo sahihi havitoshi.

Lakini pingamizi hilo halifuti hoja yangu, kwa sababu umbali ni mahali ambapo sera inageuka kuwa tendo. Afisa anayetaka kulinganisha nyuso elfu moja lazima aweke alama sakafuni na kumsimamisha kila mtu hapo. Mtu anayetaka kumjua mwenzake hawezi kuanza na alama. Mfano ulio karibu nasi ni wa mwaka 2000, karibu na Gisenyi, katika kituo cha watoto yatima cha Imbabazi kilichoanzishwa na Rosamond Carr mwishoni mwa 1994. Mpiga picha David Jiranek aliwapa watoto kamera za kutupa, zile za karatasi zenye filamu ndani, wapige wenyewe wanachotaka. Kamera hizo zina lenzi moja tu ya plastiki, isiyovutwa wala kubadilishwa. Mtoto aliyetaka uso ujae kwenye picha hakuwa na njia nyingine ila kutembea kwa miguu yake hadi karibu na rafiki yake. Hapakuwa na lenzi ya kuchagua, umbali ndio uliochaguliwa, kila mara upya.

Nako pwani, studio zilifanya kazi kwa njia ya tatu. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilikuwa na umbali wa studio kama wa Vienna, lakini mteja alirudi. Alikuja kijana, akaja siku ya ndoa, akaja na mtoto. Hatua kati ya kiti na kamera zilikuwa zilezile, na kwa miaka mpiga picha na mteja wakawa wanajuana. Umbali wa mita mbili kati ya watu wanaojuana una tabia tofauti na mita mbili kati ya karani na anayeitwa kwa namba.

Nikiwa na mawazo hayo niliazima kwa rafiki yangu lenzi tatu, 35, 50 na 85, nikaenda Biryogo Jumamosi asubuhi. Nilianza na 85 kwa kumheshimu mwenye ushauri. Ilinibidi nitoke nje, nisimame uani na kumpiga Bibi kupitia mlangoni, huku watoto wa jirani wakipita katikati. Bibi alikaa wima, akafunga mdomo, akaweka mikono magotini. Nilipomwomba atabasamu alisema: "Umesimama mbali kama yule wa vitambulisho. Nitacheka na nani?" Nilimwonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Uso ulikuwa safi, nyuma pameyeyuka, kila nywele imeonekana. Nikaiweka akilini mwangu pembeni ya ile ya mdogo wake, na zilifanana kwa jambo ambalo sikulitaka.

Nikafunga ile ya 35, nikavuta kigoda hadi karibu naye. Sasa tulikuwa tukiongea, na Bibi akalegea. Lakini kwa kichwa na mabega nilikuwa mita moja tu kutoka kwake, na kila nilipoinama mbele kidogo pua yake ilikua na masikio yakarudi nyuma. Alipoiona picha alicheka hadi machozi. "Huyu ni mama yangu mkubwa," alisema, "huyo ndiye aliyekuwa na pua hiyo." Hakutaka iwekwe ukutani.

Kwa 50 nilirudisha kigoda nyuma kidogo, mita moja na nusu hivi, umbali wa watu wawili wenye sinia la chai katikati yao. Sikuhitaji kupaza sauti. Niliiweka f/2 na kumgeuza kidogo kuelekea dirishani. Lenzi hiyo hufunguka hadi f/1.8, na kwa uwazi huo hupitisha mwanga karibu mara 10 kuliko lenzi yangu ya kwanza ilivyovutwa hadi mwisho, sikuhitaji taa. Kwa f/1.8 nilikuwa nimegundua kwamba jicho moja linakuwa wazi na jingine linaanza kufifia, ndiyo maana nikafunga kidogo. Kisha nikamwuliza habari za kola.

Hapo ndipo nilipoipata picha. Alikuwa akieleza jinsi mama yao alivyomkimbiza mdogo wake uani na pasi ya mkaa mkononi, na mkono wake ulikuwa umeinuka kidogo kuonyesha. Ukitazama kwa makini utaona jicho la kushoto kubwa kidogo kuliko la kulia, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika miaka yote ya kumsalimia. Nyuma yake kalenda ya ukutani imefifia, lakini bado unajua ni kalenda.

Nilinunua lenzi ya 50. Kwa mwanafunzi mwenzangu mwenye kamera ya kihisi kidogo ningempa ushauri huohuo, kwa sababu nilizozieleza: inakaribia sana ile 85 ya kamera za filamu, inatosha kwenye vyumba tunamoishi, inapokea mwanga wa dirisha moja, na kati ya lenzi zote zenye uwazi mkubwa ni miongoni mwa zile za bei nafuu. Mwenye kupiga picha za harusi kwenye ukumbi au uwanja, ambako hawezi kumkaribia bibi harusi wakati wa gusaba, anaihitaji 85, na rafiki yangu hakukosea kwa kazi yake. Mwenye kutaka kuonyesha fundi pamoja na cherehani yake na duka zima, achukue 35. Lakini kila mmoja ajiulize kwanza atasimama wapi, na yule aliye mbele yake amekuja au ameletwa. Swali hilo Petzval hakuulizwa, Czekanowski hakujiuliza, na makarani wa kadi hawakuwa na nafasi ya kulijibu.

Picha ya Bibi sasa iko ukutani, imechapishwa kwa ukubwa wa karatasi ya daftari. Pembeni yake tumeweka ile ya mdogo wake. Nilipendekeza tuikuze ifikie ukubwa uleule, na tufute ule muhuri kwa kompyuta. Bibi alikubali ikuzwe, akakataa muhuri ufutwe. Alisema watoto wa kesho wakiuona watauliza, na yeye au mimi tutakuwapo kuwajibu.